Mara ya Nne Kinarudi

Mtaa wa Hwanghak, Seoul, hauuzi vyombo,
unauza miisho ya habari za watu.
Friji zimepanga foleni kando ya njia kama wagonjwa,
viti vimebebana migongoni,
na mabango ya mikahawa iliyokwisha kufa
bado yanasema Karibu.

Bae Sang-cheol kashusha kikaangio chake.
Amekisugua usiku kucha kwa siki na magadi
kama aoshaye maiti wa nyumbani mwake.
Mchuuzi kakitazama, kataja bei:
haifiki nusu ya kodi anayodaiwa.

"Nilikinunua hapa hapa. Kwako. Mwaka juzi."
"Nakijua," mchuuzi akalamba kidole, akafunua daftari.
"Hii mara ya nne kinarudi."

Mara ya nne.
Bae akakalia debe tupu la mafuta.

Miaka ishirini na saba alichomelea meli kule Geoje.
Aligonga chuma kwa nyundo ndogo, akainamisha sikio,
akaujua ufa kabla jicho halijauona.
Akapewa kiinua mgongo na saa ya ukutani,
akapanga chumba jirani na kituo cha treni,
akatundika taa nyekundu: Kuku wa Baba Bae.
Siku ya kwanza foleni ilifika hadi duka la miwani!

Foleni ile aliihesabu.
Aliendelea kuihesabu miezi kumi tangu iishe.
Hakuhesabu kwamba wengi walikuwa mashemeji
na wachomeleaji wenzake waliokuja kumpongeza kwa kula;
wala kwamba mtaa ule tayari ulikuwa na maduka sita ya kuku;
wala kile kipande cha kila paja
kilichomegwa na kampuni ya kupeleka oda
kabla mteja hajasikia harufu.
Tunasema mali bila daftari hupotea bila habari.
Daftari alikuwa nalo. Lilijua kuandika kilichoingia.

Mwezi wa tatu Ok-hee, mkewe, alimwambia:
"Asubuhi watu wa treni wanatafuta supu. Tuuze supu."
Akamjibu kwamba subira huvuta heri.
Huvuta, sikatai.
Lakini kuna subira,
na kuna haya iliyovaa koti la subira.
Alijua tangu baridi ya kwanza. Ila bango lilikuwa na jina lake.

Ndipo akaja binti, Noh Da-eun,
mkoba wa turubai begani, futi ya kupimia mkononi.
Akakipima kikaangio urefu, akakipima upana,
kisha akauliza bila kumlenga mtu:
"Mwenyewe kakiuza kwa nini?"

Mchuuzi akakohoa.
Kuuliza si ujinga,
na Bae mwaka juzi, palepale aliposimama binti huyu,
aliuliza bei tu.

"Mwenyewe ni mimi," akasema. "Keti."

Akamwambia yote, bila mpangilio,
paja, mashemeji, supu, kodi, tena paja.
Alipofika kwenye jina la mkewe alinyamaza
mpaka lori likapita.
Binti akaandika kiganjani, kiganja kikajaa,
akapandisha hadi kwenye kiwiko.
Mwisho akakinunua vilevile.

Bae nusura akasirike.
"Siuzi kuku," binti akasema. "Viazi vitamu. Asubuhi, mlangoni mwa kituo.
Bango sina. Kikinishinda miezi minne, nakirudisha."

Walipokiinua kukitia kwenye pikapu
kidole cha Bae kikagonga mguu wa kushoto,
mazoea tu.
Akainamisha sikio.
Akagonga tena.

Miaka miwili alikimwagia mafuta, alikisugua, alikilaani.
Hakuwahi kukigonga.

"Teremsheni," akasema. "Huu mguu una ufa.
Nipe anwani yako, kesho nakuja na mashine."